Ati grin tii yatoa ukoga wa meno? Wajuzi hebu nisaidieni

BintiKisauni

Asalaam aleikum wadau, na wengine hamjambo. Nina swali na naomba msinicheke. Juzi nilikwenda kwa daktari wa meno manake kila nikipiga mswaki asubuhi natema mate yana damu. Akanifanyia skelingi, akanionyesha kwa kile kioo kidogo uchafu ulioko nyuma ya meno ya mbele ya chini, manjano yaelekea kahawia, mgumu, akaukwangua mpaka naskia krrr krrr ndani ya kichwa. Bei yenyewe sitaki kuitaja hapa.

Sasa kwa grupu yetu ya kina mama kumezunguka klipu, mtu asema ukinywa grin tii vikombe vitatu kila siku ukoga wote wabambuka wenyewe na daktari wa meno hutamuona tena maisha yako. Jirani yangu ashanunua pakti kibao ataka kuniuzia mbili. Ni kweli ama ni biashara za watu? Na kama ni kweli mbona sisi twanywa chai tangu tuzaliwe, asubuhi ya maziwa na mahamri, alasiri strungi (chai kavu isiyo maziwa), wageni wakija chai, msiba chai, na meno bado ni haya haya? Halafu naweza kutia sukari? Manake nilionja kwa huyo jirani, aliichemsha kwa sufuria, ni chungu na yanuka nyasi, wallahi niliimaliza kwa heshima tu.

Mamangu yeye yuwatafuna tambuu na asema hiyo ndo dawa ya meno na fizi, hizi chai za kijani ni za wenye kujiona. Nataka jibu la mtu anayejua jamani, si "niliambiwa na shangazi".

Yakhe_Tudor

Hiyo klipu ni ya ndugu yake yule aliyetuambia tuweke kitunguu ndani ya soksi tulale nacho. Mimi shangazi yangu alinambia... haya basi nanyamaza, nasubiri wajuzi.

FiziSafi

Waaleikum salaam dadangu. Mimi niko kliniki ya meno, si daktari, ni yule wa kukwangua na kufundisha watu kupiga mswaki, kwa hivyo ukoga nautazama kutwa. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kwanza klipu yenu imechanganya vitu viwili. Kuna ukoga laini, ule utando ambao asubuhi kabla ya mswaki ukipitisha ukucha kwenye jino wakwama kwenye ukucha, mweupe mweupe. Huo ni bakteria walio hai, chungu nzima, wamejishikiza kwenye jino. Huanza kurudi saa chache tu baada ya kupiga mswaki, kwa kila mtu, hata mimi. Halafu kuna ugaga, ambao ni ukoga huo huo ulioachwa hapo siku kadhaa mpaka kalisiamu na fosfeti za kwenye mate zikauingia ukawa jiwe. Ulichokwanguliwa wewe ni ugaga. Na si ajabu ulikuwa nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa sababu mate ya tezi za chini ya ulimi yatokea hapo hapo. Pahala pake pengine ni magego ya juu upande wa shavuni, napo kuna tundu la mate. Ukifika kliniki yoyote utaona tunaanzia sehemu hizo mbili bila hata kuuliza.

Ugaga hautoki kwa chai, iwe ya kijani ama rangi yoyote. Ona ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa haya maji yetu ya kisima yenye chumvi, chai ngapi zimechemka humo na ukoko uko pale pale. Ni kukwangua. Na tafadhali usijikwangue mwenyewe na pini ama kisu, nimeona watu wamejikata fizi vibaya sana.

Sasa kwenye ukoga laini, hapo grin tii ina lake. Yale majani yana vitu vinaitwa katekini na mkubwa wao ni EGCG. Kuna bakteria anaitwa Streptococcus mutans, ndiye kinara wa kuozesha meno. Huyu akipata sukari hii ya mezani ana kimeng'enya chake cha kuigeuza iwe glukani, kitu cha kunata kinachomshika yeye na wenzake kwenye jino. EGCG imeonekana maabara ikizuia kile kimeng'enya, kwa hivyo kinata chapungua, wengi wao washindwa kushika, na pia asidi wanayotoa yapungua. Hiyo asidi ndo mbaya wetu manake pH ya mdomo (kipimo cha asidi, kikishuka ndo asidi imezidi) ikishuka chini ya kama 5.5 jino laanza kupoteza madini. Pia chai huzuia kidogo kile kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga uwe sukari, yaani ile chapati ama muhogo uliokwama gegoni haugeuki sukari haraka vile.

Hayo ni ya maabara. Kwa watu wenyewe, majaribio mengi yamekuwa ya kusukutua, mtu anapewa grin tii asukutue kila siku kwa wiki kadhaa halafu wampima. Ukoga na damu ya fizi hupungua kulinganisha na anayesukutua maji matupu, na baadhi ya majaribio matokeo yalikaribia ya klorheksidini, ile dawa ya kusukutua tunayowapa watu fizi zikiwa mbaya. Na klorheksidini nayo ukiizoea yatia meno madoa ya kahawia na chakula unakiona hakina ladha, ndo maana watu watafuta mbadala. Lakini majaribio yenyewe mengi ni madogo na ya muda mfupi, na hao watu hawakuambiwa waache mswaki. Chai iliongezea tu.

Kwa wanywaji kuna ule utafiti wa Japani wa 2009, wanaume 940 wa miaka 49 hadi 59. Waliokunywa grin tii zaidi fizi zao zilikuwa nzuri zaidi, ila tofauti kwa kila kikombe cha siku ilikuwa kama sehemu mbili za mia za milimita kwenye kina cha ule mfuko wa ufizi, yaani ule mwanya kati ya jino na ufizi. Ni kitu cha kupimwa kwa hesabu, kwa jicho hukioni. Na tusisahau mtu anayekunywa chai isiyo sukari kila siku huenda ndiye pia asiyevuta sigara na apiga mswaki vizuri, kwa hivyo chai yenyewe imechangia kiasi gani hapo si rahisi kutenga.

Ya sukari: ukitia sukari umempelekea mutans chakula chake mlangoni, heri unywe maji.

Na dada, hapa pa tambuu naomba uniskize vizuri na umwambie mama kwa upole. Popoo, ile kokwa inayotiwa ndani ya tambuu, peke yake, hata bila tumbaku, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka tangu 2004 kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Simtishi mama, heshima zake ziko pale pale, lakini akiwa na kidonda mdomoni kisichopona wiki mbili, ama weupe usiofutika, ama mdomo umeanza kuwa mzito kufunguka, mlete aangaliwe. Mambo ya ukoga kwake ni madogo kwanza.

GodauniShimanzi

Hili swali la "mbona sisi twanywa chai tangu tuzaliwe" limenigusa manake mimi niko kwa godauni la chai Shimanzi, magunia ya chai ndo nayaona usiku na mchana mpaka jasho langu lanuka chai.

Sikizeni, grin tii na hii majani yetu nyeusi ni mti mmoja. Wengi wadhani ni mmea mwingine wa Uchina. Ni kile kile kinacholimwa Kericho, Nandi na Limuru. Tofauti ni kiwandani. Ya kwetu jani likishanyauka lasagwa na kukatwa vipande vidogo vidogo, halafu laachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke kahawia, hapo zile katekini alizotaja FiziSafi nyingi zageuka zawa vitu vingine, theaflavini na thearubijini, ndo zinazotoa ile rangi nyekundu ya strungi. Ya kijani wao wakishalichuma walipiga mvuke ama walikaanga kwenye chuma cha moto haraka haraka, kile kimeng'enya cha kuligeuza chafa, jani labaki kijani na katekini zabaki humo. Kwa hivyo strungi si kwamba haina kitu, ina katekini chache na hizo theaflavini nazo si za kutupa, na mmea wa chai wenyewe hufyonza fluoridi kutoka kwa udongo kwa hivyo kikombe chochote cha chai kina fluoridi kidogo, yale madini ya kuimarisha meno. Tatizo letu hatunywi strungi, twanywa sharubati ya moto. Vijiko vitatu vya sukari halafu maziwa, na protini ya maziwa hushikana na hizo katekini. Halafu hamri. Utaona tofauti wapi?

Mnada wa chai uko hapa hapa Mombasa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na wengineo yapita hapa kwetu, na bado mtu wa Kisauni auziwa pakti ya vifuko vya kutoka nje kwa bei ya kuku. Chai ya kijani yalimwa na kutengenezwa hapa hapa Kenya. Hata ya zambarau iko, ile aina ya mchai iitwayo TRFK 306 iliyotoka 2011, ina antosianini, ndo zinazoipa hiyo rangi ya zambarau. Ila sitasema chochote kuhusu zambarau na meno, hiyo si fani yangu.

Na huo uchungu na harufu ya nyasi dada ni kwa sababu jirani aliichemsha. Grin tii haichemshwi! Maji yakishatokota uyaache yapoe kidogo, kama nyuzi 75 ama 80, huna kipimo basi uyamimine kwa kikombe usubiri dakika chache, ndo utie majani, yakae dakika mbili ama tatu, uchuje. Ukiliacha jani humo ama ukalichemsha kwa sufuria kama strungi ya jandoni lazima uchungu utoke. Utamu wake ni mdogo lakini upo, wanywa polepole.

Yakhe_Tudor

"Sharubati ya moto" 😂😂 nimesikitika kwa sababu ni kweli

TibaAsili_Mtaani

Wadau mnazunguka sana. Mimi nina kapsuli za grin tii, nguvu yake ni mara kumi ya kikombe, zatoa ugaga, zasafisha ini, zapunguza tumbo. Njooni inboksi, dilivari bure kisiwani na Nyali, Likoni mtalipia feri.

FiziSafi

Ndugu wa kapsuli, kwa heshima, hapana. Kapsuli yapita koo yaenda tumboni, itaugusa ukoga saa ngapi? Chai ikifanya lolote kwa meno ni kwa sababu yapita mdomoni na yakaa hapo kidogo. Na hiyo ya "kusafisha ini" ni kinyume kabisa, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2018 kwamba EGCG ya vidonge ya kuanzia miligramu 800 kwa siku imehusishwa na dalili za ini kuumia. Chai ya kawaida ya kikombe haina neno hilo. Hayo madozi ya mara kumi ndo yenye hatari.

MamaMapacha_Bamburi

Mimi nimekuja na la kuchekesha lakini lina maana. Wanangu walikula mabuyu mekundu haya ya shilingi kumi, nikawaambia chekeni niwapige picha, nikaona kila mmoja ana mstari mwekundu umezunguka jino pale linapokutana na ufizi, na kati ya jino na jino, huku sehemu nyingine za jino nyeupe pe. Yule mdogo mstari ulikuwa mnene upande wa kulia zaidi kuliko kushoto. Nikajiuliza mbona rangi yashika pale tu? FiziSafi hebu nieleze, ama ni mambo yangu tu.

FiziSafi

Mamake mapacha hiyo ni sayansi kamili! Rangi ya chakula hushika kwenye ukoga, kwenye jino safi huteleza. Kliniki tuna vidonge vya rangi kwa kazi hiyo hiyo, mtoto atafuna, asukutua, kioo kinamuonyesha alipopaacha. Na huyo mdogo upande wa kulia ni mchafu zaidi kwa sababu bila shaka atumia mkono wa kulia, mswaki upande huo hukunja vibaya kifundo cha mkono, watu wengi ndo hivyo.

Nyumbani bila mabuyu, manake mabuyu yenyewe ni sukari tupu inayonata, chukua rangi nyekundu ya chakula ya dukani, tone moja kwa maji kidogo, paka mafuta midomoni isije ikachukua rangi, sukutua, tema, angalia kioo. Kisha piga mswaki mpaka nyekundu iishe. Utashangaa yachukua muda gani. Mswaki uulaze nusu kuelekea ufizi, nywele ziingie kidogo pale chini ya ukingo, utikise mdogo mdogo, si kusugua kama sakafu. Na BintiKisauni, fizi zikitoa damu watu huacha kusugua pale, ndo zazidi. Pale penye damu ndipo pa kusuguliwa, taratibu, kwa mswaki laini, baada ya skelingi damu hupungua siku chache zijazo. Isipopungua rudi.

Ukitaka kujua kama grin tii yakufaa wewe, hiyo rangi ndo shahidi wako, si klipu.

Shekhe_Bondeni

Na mti wa mswaki je? Sisi tuna sunna yetu, mbona mwatafuta ya Japani na Uchina.

FiziSafi

Shekhe karibu sana. Mti wa mswaki ni mzuri na WHO yenyewe imewahi kuhimiza utumike pale ulipo desturi ya watu. Nyuzi zake zakwangua ukoga laini, na mti wenyewe una chumvichumvi na vitu vya kupambana na bakteria. Kasoro ninayoiona kwa wagonjwa ni moja, wausugua mbele peke yake, kwa nje, meno sita ya kuonekana watu wakicheka, nyuma kwa ndani hakufikiki vizuri. Kwa hivyo mti uendelee, lakini usiku kabla ya kulala mswaki wa nywele na dawa yenye fluoridi, magego yote, ndani na nje. Mwezi wa Ramadhani hasa, manake tende na vitamutamu vya usiku kucha halafu mtu alala baada ya daku bila kupiga mswaki, mate usingizini yapungua, hapo ukoga wapata nafasi yake.

BintiKisauni

Jamani shukran, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Mama nimemsomea ile ya popoo, amenyamaza, halafu akasema "haya, nipeleke basi", kwa hivyo tutaenda. Maswali mawili ya mwisho. Nikinywa hiyo grin tii ninywe kabla ya mswaki ama baada? Na dadangu mdogo yuko mja mzito miezi mitano, yeye pia ataka, fizi zake zimefura.

FiziSafi

Unywe baada ya chakula, katikati ya siku, unaweza kuizungushazungusha mdomoni kabla hujameza, haina hasara. Ukitia ndimu subiri nusu saa kabla ya mswaki kwa sababu ya asidi. Usiinywe sana usiku, ina kafeini. Pia haizuii madoa, tanini iko humo, ni afadhali kuliko strungi lakini baada ya miezi utaona wekundu kidogo kati ya meno, usiniletee malalamiko.

Dadako, fizi kufura mimba ni kawaida kwa sababu ya homoni, lakini kawaida haimaanishi aache hivyo, aje asafishwe, miezi hiyo ya kati ni salama kabisa. Kwa chai ya aina yoyote ashike kiasi kwa sababu ya kafeini, na asiinywe pamoja na chakula wala na vile vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki, chai huzuia mwili kufyonza chuma. Aachanishe kwa saa moja ama zaidi. Kama kipimo chake cha damu kiko chini basi hiyo grin tii aiache mpaka ajifungue, fizi tutazitibu kwa mswaki.

GodauniShimanzi

Na ukienda kununua usinunue ile ya jirani. Nenda Marikiti ama supamaketi, geuza pakti utazame tarehe na ilipofungwa, na kama ni majani ya kupima mwambie muuzaji afungue uyaone. Jani liwe kijani cha kukoza ama la kijivujivu, likunjwe, likivunjika liskike, harufu mbichi. Likiwa kahawia ama ni vumbi tupu hiyo imekaa, katekini zake zimeshakwenda. Ukifika nyumbani iweke kwa mkebe wenye mfuniko mzuri mbali na jiko, hewa hii ya bahari yetu huiharibu upesi.

Yakhe_Tudor

Na pakti za jirani afanyie nini sasa?

GodauniShimanzi

Amwagie mimea ya waridi. Sitanii, majani ya chai yafaa bustani.